Nilisema Alikuwa Karani

Nimesoma mpaka darasa la tatu, na la tatu lenyewe sikulimaliza. Nasema mapema ili mtu asihangaike kutafuta makosa humu ndani. Yamo, ayaache yalipo. Nilicho nacho nimekipata kwa mikono hii miwili: chumba cha kutengeneza viatu chini ya ghorofa hapa Joubert Park mjini Johannesburg, watoto wanne waliosoma, na nyumba ya matofali kule Tanga ambayo sijalala ndani yake hata wiki nzima. Sikuwahi kuomba. Sikuwahi kuuliza mtu kitu ambacho kingemfanya anione sikijui. Nilijivunia hilo maisha yangu yote, na hilo hilo ndilo lililoniharibia mtu niliyempenda kuliko ndugu zangu.

Nianze na daftari, maana kosa lilianzia huko.

Mwalimu wetu alikuwa na daftari kubwa la jalada gumu, tukiliita rejista. Kila asubuhi anaita majina, uliyepo unaitika, usiyepo unatiwa alama. Mwaka ule baba alikuwa anaumwa kifua na mimi nilikuwa nakwenda kukata mkonge kwenye zamu yake, kwa hiyo alama zangu zilikuwa nyingi. Siku moja nikarudi shuleni, nimenawa, nimevaa shati la kaka yangu. Majina yakaitwa, langu sikulisikia. Nikanyoosha mkono. Mwalimu aliigeuza rejista upande wangu nione. Jina langu lilikuwa limepigwa mstari mwekundu, kwa rula, umenyooka.

"Wewe humo humu ndani," akasema.

Nikatoka. Sikurudi tena shule. Na tangu siku ile, mtu yeyote anayeshika kalamu na orodha ya majina ya watu, mimi moyo wangu unamkataa hata kabla hajanisalimu.

Johannesburg niliingia miaka michache baada ya wenyeji kupiga kura yao ya kwanza, wote pamoja. Nilikuwa mtu mzima wa miaka arobaini, si kijana wa kutafuta bahati. Kazi ya viatu nilikuwa naijua kutoka Tanga. Nikawa natembea mitaa ya karibu na stesheni naangalia nani ana benchi. Ndipo nikamkuta yeye, mzee wa Kitaliano, mfupi, mzito, goti moja halikunji, amekaa kwenye kigoda katikati ya chumba chenye harufu ya gundi. Wazungu wenzake wote walikuwa wameshahama mtaa. Yeye alibaki. Watu wakimwita Madala, yaani mzee kwa lugha ya hapa, na mimi sikumwita vingine mpaka alipokufa.

Alikuwa anapiga kisigino kwenye kiatu cha mteja. Nikasimama mlangoni nikatazama. Nikamwambia, "Umekiweka upande."

Hakuinua kichwa. Alinyoosha nyundo barabarani, kwa mwanamume mmoja mrefu aliyekuwa ananunua ndizi ng'ambo ya barabara huku amevaa ndala.

"Si kisigino kimekaa upande," akasema. "Yule ndiye anatembea upande. Mtazame."

Nikamtazama. Kweli, bega la kushoto lilikuwa linatangulia. Madala alikuwa amejua hayo kwa kuangalia soli iliyolika tu. Jioni ile ile akanipa kigoda cha pili.

Tulizungumza kwa lugha tuliyoitengeneza wenyewe, Kiingereza chake kibovu na changu kibovu, Kizulu cha machimboni, na vidole. Ilitutosha. Mama mmoja wa Lubumbashi alikuwa na saluni mlango wa pili, anasuka na kunyoa, na huyo alikuwa anatucheka kila siku.

"Papa," ananiambia, "wewe na muzee wako muko sawa bibi na bwana. Asubuhi munagombana, saa sita munakula sahani moja."

"Bibi ni nani hapo?" namwuliza.

"Ule mwenye anasemaka sana."

Mimi.

Sasa siku za mwanzo mwanzo, tukiwa tunangoja gundi ikauke, Madala akaniambia habari ya mpira. Akaweka mkono kifuani akasema kwamba zamani, kabla ya vita kubwa, alikuwa kwenye timu. Nikamwuliza alikuwa nani kwenye timu. Akasema neno moja kwa Kitaliano, na alilisema kwa fahari, amenyoosha mgongo: *regista*. Alivyolitamka ni kama sisi tunavyotamka rejista, sawasawa kabisa.

Kwa mtu wa Tanga rejista ni rejista. Nikaelewa papo hapo. Nilidhani nimeelewa. Huyu mzee alikuwa mtu wa daftari, karani wa timu, anakaa pembeni ya uwanja na kalamu yake, anaandika nani kaja nani hakuja, nani acheze nani arudi kwao. Nikauona ule mstari mwekundu. Nikaendelea kupiga msasa, sikuuliza tena.

Ningeuliza, ningejua siku ile ile. Lakini ningeulizaje? Neno nalijua, lipo hata kwenye lugha yangu. Mtu haulizi neno analolijua.

Basi miaka yote iliyofuata alinihadithia maisha yake, na mimi niliyasikia yote kwa sikio la mtu anayemsikiliza karani akijipa makubwa. Sasa hivi ndiyo nayapanga upya, peke yangu, na yanakaa mahali pake kama soli inavyokaa kwenye kiatu.

Alizaliwa mji mdogo wa kaskazini kwao, mji wa watengeneza ngozi. Mto wake ulinuka ngozi mbichi mwaka mzima. Baba yake alikuwa fundi viatu, na mtoto alianza kushika sindano kabla ya kujua kusali. Mpira walicheza kwenye ua wa kanisa, padri akiwa amepandisha kanzu mpaka kiunoni. Mpira wenyewe ulikuwa wa ngozi nzito, umefungwa kwa kamba kama kiatu. Mvua ikinyesha unalowa na kuwa kama jiwe, na ukiupiga kichwa upande wenye kamba unakuchana. Aliinamisha kichwa akanionyesha kovu chini ya mvi, refu kama kidole.

Nikajiuliza moyoni, karani amepataje kovu la mpira? Nikajijibu mwenyewe kwamba labda ulimfuata pale alipokaa.

Alisema alikuwa mfupi na mzito tangu ujana, na mwalimu wa timu ya mji alitaka kumwacha. Halafu siku moja mwalimu akamrudisha nyuma, mbele kidogo ya walinzi, akamwambia asimame hapo, mipira yote ipite kwake, yeye ndiye aamue iende wapi. "Mimi sikimbii," Madala alikuwa anapenda kusema, na anaigonga meza kwa kidole. "Mpira ndio unakimbia." Mimi nikasema kimoyomoyo, haya ndiyo maneno ya aliyekaa kwenye kiti.

Njumu zake alizitengeneza mwenyewe, meno ya chini akayakata kwenye ngozi na kuyapigilia misumari mitatu mitatu. Akachukuliwa na timu ya mji mkubwa, akacheza huko misimu miwili. Aliniambia kwamba uwanjani kulikuwa na mzee kipofu aliyekuwa anakuja kila Jumapili na mwanawe wa kumsimulia. Kipofu yule alikuwa anajua mpira ukifika kwa Madala kwa sababu watu wote walikuwa wananyamaza. Wanangoja aamue. Ile sekunde moja ya kimya, aliniambia, ndiyo alikuja kuikosa zaidi ya kelele.

Hata hilo nililisikia, na bado nikaendelea na ukarani wangu.

Alikuwa anachukua misumari midogo ya visigino anaipanga kwenye meza, kumi na mmoja huku, kumi na mmoja kule, na kifungo cha shati kiwe mpira. Anakisogeza kifungo, anasimama, ananiuliza, "Sasa wapi?" Mimi nasema kwa huyu aliye karibu. Anatikisa kichwa. Anaonyesha mahali patupu, hapana msumari hata mmoja. "Hapa. Kwa sababu huyu anakwenda kuja hapa, ila mwenyewe bado hajajua." Nikamsifu mbele ya mama wa saluni kwamba karani huyu alikuwa anaangalia mpira vizuri sana.

"Karani?" mama akauliza. "Kwani hakuchezaka?"

"Hakucheza. Aliandika majina."

"Nani alikuambia?"

"Mwenyewe."

Siku nyingine mpira wa watoto wa mtaani ulikatiza barabara, ukadunda kwenye kizingiti, ukaingia ndani kwetu. Madala alikuwa na kiatu mapajani, ameinama. Hakutazama. Alinyoosha mguu mzima, ule wa kushoto, akaukanyaga mpira kwa soli ukatulia kama paka, kisha akaupeleka kwangu katikati ya miguu ya meza, kwenye mguu wangu wa kulia, polepole, pale pale. Nilikuwa nimempa mgongo. Uliponigusa ndipo nilipogeuka. Alikuwa amesharudi kwenye sindano yake. Mama wa saluni alikuwa mlangoni na kitana mkononi, akanitazama, akatikisa kichwa, akaondoka. Yeye alikuwa ameona. Mimi niliudaka ule mpira nikautupa nje.

Vita ilimkuta akiwa na miaka ishirini na michache. Wakamvika sare wakampeleka jangwani, kaskazini ya bara hili, akakamatwa pamoja na maelfu ya wenzake. Wakapakiwa melini wakaletwa huku kusini, wakafungiwa kambini miaka. Kambini walicheza mpira sana, hawakuwa na lingine. Na goti lake lilivunjikia huko, kwenye mechi, si kwa risasi. Vita ilipokwisha wenzake wakapanda meli kurudi. Yeye hakupanda.

Nilimwuliza kwa nini. Hilo niliuliza, kwa sababu kuuliza sababu za mtu hakunivunjii heshima.

"Waliniona nikitembea vizuri," akasema. "Sikutaka wanione nikitembea hivi."

Kwa hiyo hakuandika barua hata moja, na kambini hakukuwa na mtu wa mji wake wa kupeleka habari. Mama yake akafa, mchumba akaolewa, habari alizipata miaka mingi baadaye. Kwao wakahesabu kwamba amekufa jangwani, na yeye akawaacha wahesabu hivyo. Niliposikia hayo nilimpenda. Nilisema huyu, karani au si karani, ana roho kama yangu.

Alikuwa amepita miaka themanini alipobadilika. Mtaliano mwenzake, mzee pia, alileta viatu kushonwa akamwambia kwamba kule mjini kwao uwanja wa zamani umetengenezwa, na ukutani wameandika majina ya wachezaji wa siku zile. Jina la Madala lipo. Limeandikwa chini kabisa, na wale waliofia jangwani.

Kwanza alicheka. Wiki ikapita. Mwisho akachukua karatasi, akaandika mwenyewe kwa Kitaliano siku mbili, akafuta, akaandika tena. Nikampeleka posta.

"Unataka nini kwao?" nikamwuliza njiani. Alikuwa ameniegemea bega.

"Waandike kwamba sikufa."

"Basi?"

"Basi. Kwamba niliishi, nilizeeka, nilitengeneza viatu Johannesburg. Nikifa kabla hawajaandika, nitakuwa nimekufa mara mbili, na ya kwanza ya uongo."

Barua ikaenda. Miezi ikapita. Kabla jibu halijaja, asubuhi moja kwenye benchi, sindano ikamponyoka, nikadhani amesinzia. Kilikuwa kiharusi. Upande wa kulia wote ukalala, mdomo ukaenda upande, na maneno yakaisha. Alibaki na sauti moja tu, kama mtu anayeanza kusema "a" na kuikatisha. Hospitali wakamrudisha. Hakuwa na mtu. Nikamhamishia kwangu, nikamwogesha, nikamnyoa, nikamlisha uji kwa kijiko. Na kila asubuhi nilimbeba mgongoni ngazi zote mpaka dukani nikamkalisha kwenye kiti chenye mito, kwa sababu ghorofani alikuwa anatazama ukuta tu. Nayaeleza haya si kujisifu. Nayaeleza kwa sababu watu waliokuja walinikuta mimi ndiye mtu wake, na neno langu ndilo waliloliamini.

Walikuja wawili, mwanamume na mwanamke, watu wazima, nadhifu, viatu vyao vya ngozi nzuri sana. Wametoka mji ule. Kiingereza chao kilikuwa safi. Walikuwa na barua ya Madala kwenye bahasha, na picha kubwa ya zamani ya timu, vijana kumi na mmoja na katikati mmoja mfupi amekaa na mpira miguuni.

Mwanamke alichuchumaa mbele ya Madala akamwonyesha picha. Nimewahi kuona mtu akipata mtoto, nimewahi kuona mtu akitoka gerezani, lakini uso kama ule sikuuona mahali pengine. Nusu ya uso, maana nusu nyingine ilikuwa imelala. Akanyoosha kidole cha mkono wa kushoto, akakiweka juu ya yule wa katikati.

Yule mwanamume akanivuta kando. Aliongea kwa upole, sina la kumlaumu.

"Mzee, tuelewe. Huyu wa katikati anajulikana na kila mtu kwetu. Mzee yeyote wa mji wetu ukimpa picha hii atamwonyesha huyu huyu. Karatasi za jeshi zinasema alikufa. Na huyu hawezi kusema wala kuandika. Wewe umekaa naye miaka mingi. Alikuambia alikuwa nani kwenye ile timu? Kazi yake ilikuwa nini?"

Na hapa ndipo. Nimeirudia dakika hii mara nyingi kuliko swala zangu.

Kama ningelisema lile neno kama nilivyolisikia, lile lile, rejista, kwa ulimi wangu wa Tanga, wangeelewa. Lilikuwa neno lao. Wangemkumbatia pale pale. Lakini niliwaona wamevaa vizuri, wanasema Kiingereza kilichonyooka, na sikutaka waone fundi viatu asiyejua kutafsiri. Nikatafuta moyoni neno kubwa la Kiingereza la mtu wa rejista. Nikalipata. Nikalisema vizuri, bila kigugumizi:

"Alikuwa karani. Aliandika majina ya wachezaji."

"Karani," mwanamume akarudia. "Una hakika? Hakucheza?"

"Nina hakika. Aliniambia mwenyewe, zaidi ya mara moja. Mimi sisemi uongo kwa ajili ya mtu yeyote."

Madala alikuwa anasikia. Masikio yake yalikuwa mazima na Kiingereza hicho alikijua. Akatoa ile sauti yake, "a", "a". Akapiga mkono wa kiti. Kisha akatazama chini. Kulikuwa na kopo la dawa ya viatu sakafuni. Akalifikia kwa mguu wa kushoto, akalivuta chini ya soli, akalituliza, akalisukuma. Likateleza katikati ya miguu ya meza, likapita pembeni ya kigoda changu, likafika kwenye ncha ya kiatu cha yule mwanamke, likasimama.

Mwanamke akaliokota. Alidhani limedondoka. Akaliweka mezani, akamtabasamia Madala kama tunavyotabasamia wagonjwa.

Mwanamume aliandika kitu kwenye daftari lake. Aliirudisha picha kwenye bahasha. Wakanishukuru, wakamshika Madala bega, wakaenda zao. Nadhani walimwona ni karani mmoja wa zamani, mpweke, uzee umempanda kichwani akajitwalia jina la marehemu. Hawakumkasirikia. Walimhurumia.

Niliporudi kwake hakunipiga, hakunisukuma. Alinitazama. Hayakuwa macho ya hasira. Alikuwa ananitazama kama alivyokuwa anatazama soli, kujua mtu huyu anatembeaje. Kisha akayafumba.

Nikaenda kwa mama wa saluni nikamwambia, kwa fahari, ndiyo, kwa fahari, kwamba leo walitaka kunifanya shahidi wa uongo nikakataa.

"Na muzee anasema nini?" akauliza.

"Hasemi. Si unajua ana kiharusi."

"Macho yake je?"

"Amefumba."

Aliacha kusuka. "Papa," akasema, "eish, Papa." Akaendelea kusuka.

Madala aliishi miezi mitano baada ya hapo. Alikula nilipomlisha. Misumari nilimpangia mezani, kumi na mmoja na kumi na mmoja, na kifungo, nikamwuliza, "Sasa wapi?" Hakuigusa tena. Alikufa asubuhi moja ya baridi ya mwezi wa saba nikiwa namfunga vifungo vya koti tushuke ngazi. Tulimzika watu wanne, mimi, mama wa saluni, padri, na mlinzi wa ghorofa. Mimi Mwislamu nilisimama nikasikiliza sala za kwao mpaka mwisho.

Miaka ilipita mingi. Duka likawa langu. Kigoda cha katikati nikakikalia mimi.

Jumamosi moja mchana nilikuwa saluni nangoja zamu ya kunyolewa. Televisheni ilikuwa inaonyesha mpira wa Ulaya. Mama alikuwa na mgeni, shemeji yake, mtu wa Lubumbashi pia, aliyekaa Italia miaka mingi akifanya kazi mashambani na viwandani. Tunatazama. Akanyoosha kidole.

"Muone ule mufupi. Ule njo regista yabo."

Nikacheka. "Rejista gani yuko uwanjani? Mtu wa rejista anakaa nje na daftari."

Shemeji naye akacheka, akadhani natania. "Daftari ya nini, Papa? Ku Italia regista ni ule anachezesha bengine. Mupira yote inapita kwake, anaamua inaenda wapi. Hata kukimbia hakimbiaki sana."

Sikumbuki nilisema nini. Najua mama alizima mashine ya kunyolea, na saluni nzima ikawa kimya, na mimi nikakijua kile kimya. Nikakumbuka kipofu na mwanawe. Mchezeshaji. Sisi tunalo neno, tena zuri, watangazaji wetu wanalisema kila siku redioni. Kiungo mchezeshaji. Nilikuwa nalo mdomoni miaka yote.

Nilirudi dukani nikafunga mlango kwa ndani. Kovu likaja. Misumari ikaja. Mpira ule uliotulia kama paka. Mwisho likaja kopo la dawa ya viatu. Alikuwa amebakiwa na mguu mmoja wa kusemea, akasema nao, na katika chumba kile mimi peke yangu ndiye niliyewahi kuusikia ukisema.

Nikamwomba shemeji aniandikie barua. Ndiyo, niliomba. Nilisema kwa Kiswahili, yeye akaandika Kitaliano.

"Andika kwamba yule mzee alikuwa ndiye. Andika kwamba nilikosea kwa ujinga."

"Papa, nisiandike ujinga. Niandike kutoelewana."

"Andika ujinga. Mimi ndiye nasema."

Akaandika. Jibu lilichukua miezi mingi. Shemeji alinisomea kwenye kigoda cha pili, akitua kila sentensi. Wanashukuru. Bwana yule aliyekuja Johannesburg na picha naye ameshafariki, mama yule hayuko tena kwenye kamati. Wametazama faili. Kwenye faili kuna maelezo yaliyochukuliwa dukani kwangu, kwamba mtu aliyefanya kazi na marehemu miaka mingi, mwenye akili timamu, alithibitisha kwa hakika kuwa marehemu alikuwa karani na hakuwahi kucheza. Hawana sababu ya kulitilia shaka neno la shahidi yule. Ukuta utabaki ulivyo. Mchezaji wao alifia jangwani akiwa kijana.

"Shahidi ule njo nani?" shemeji akauliza, akigeuza karatasi kuona kama kuna jina.

"Ni mimi."

Tumeandika tena mara mbili. Hawajibu. Mama wa saluni amerudi kwao, shemeji yuko Cape Town. Wanangu nimewaeleza. Wananisikiliza vizuri, wananijibu kwa Kiingereza kwamba ilikuwa bahati mbaya, baba, usijitese. Haikuwa bahati mbaya. Bahati mbaya ni goti.

Mwalimu yule wa Tanga alilifuta jina langu kwa mstari mmoja, na niliishi miaka sitini nikidhani hakuna neno langu litakaloandikwa mahali na kuheshimiwa. Lipo moja. Limeandikwa kwa Kitaliano, limepigwa muhuri, limefungiwa kabatini kwao, na hata mimi niliyelisema nikilia hawalifuti.

Kigoda cha katikati bado nakikalia. Kopo lile ninalo, dawa imekauka ndani zamani. Huwa naliweka chini, nalisukuma kwa mguu kupita katikati ya miguu ya meza. Linakwenda upande. Nimejaribu sana. Halijafika pale liliposimama siku ile hata mara moja.